Usiuze katuni za ami yako kwa mkupuo

Ndugu yangu, umeuliza kama inafaa kumwuzia mtalii, kwa mkupuo mmoja, sanduku la majarida ya katuni ya Kimarekani aliyoyaacha marehemu ami yako, aliyekuwa baharia, katika chumba cha chini nyumbani kwenu Lamu. Nakushauri usiharakishe. Funua kila jarida taratibu uangalie pini za katikati, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi huzitia kutu, nayo kutu huacha doa la hudhurungi lisilotoka na kuishusha bei. Usizing'oe, wala usibandike seloteipu palipochanika, maana wanunuzi makini huihesabu kuwa dosari nyingine.

Kisha soma maandishi madogo ya ndani yenye mwaka na namba ya toleo. Ukongwe peke yake si thamani. Toleo ambamo shujaa mashuhuri alitokea mara ya kwanza, kama Spider-Man mwaka 1962, laweza kuzidi bei ya sanduku zima. Ukikuta nakala za Joe, jarida lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, zitenge (mimi nisingeziuza kamwe). Kwa sasa yahamishie yote orofani, yasimame wima, mbali na jua na ukuta wenye unyevu.