Maswali yenu ya katiba, na tafadhali someni kwanza

Swali: Rais akitaka katiba ibadilishwe si anaamuru tu?

Hapana. Hayo yalikuwa ya katiba ya zamani, mwaka 1982 kifungu cha 2A kilipita bungeni na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria, mwananchi akasikia tu kwa redio. Hii ya 2010 iliandikwa na watu walioumwa na nyoka.

Swali: Kwa hivyo Bunge haliwezi kugusa katiba bila kutuuliza?

Linaweza, inategemea linagusa nini. Kwa mambo ya kawaida mswada unakaa siku 90 tangu usomwe mara ya kwanza, halafu zinatakiwa kura za theluthi mbili, yaani wabunge 233 kati ya 349 na maseneta 45 kati ya 67. Lakini ukigusa muhula wa rais, uhuru wa mahakama, haki za wananchi na mengine ya kifungu cha 255, lazima twende kura ya maamuzi. Sasa mtu aniambie eti "rais ataongezewa muhula usiku usiku", jamani, nimelijibu hili mpaka nimechoka.

Swali: Majaji ambao hatukuwachagua walipata wapi nguvu ya kuzima BBI, ule mpango wa Rais Uhuru Kenyatta wa kubadilisha katiba, na sahihi zaidi ya milioni moja zilikuwepo?

Kutoka kwa hiyo katiba mliyoipigia kura. Njia ya kubadilisha katiba kwa sahihi milioni moja iliwekwa kwa ajili ya mwananchi asiye na serikali mkononi, rais ana mawaziri na ana wabunge wake, na ndiyo maana Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema yeye hawezi kuianzisha. Na nyinyi pia mnasaini ovyo! Wakati huo kijana alinisimamisha stejini na karatasi yake, safu ya jina, ya namba ya kitambulisho, ya sahihi, nikamwambia nipe mswada nisome, akacheka, akasema "mzee, wengine hawaulizi".

Swali: Mbunge wetu hajajenga hata darasa moja, tumfanyeje?

Kwani yeye ni fundi? Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuibana serikali, basi. Akipewa CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, agawe basari na kujenga madarasa, nani atamkagua, yeye mwenyewe? Mahakama ya Juu ilishaifuta ile sheria ya CDF ya 2013, Agosti 2022, ikasema inavuruga mgawanyo wa madaraka. Waheshimiwa walifanya nini? Walikuwa tayari na sheria nyingine ya 2015, na mwaka 2025 Bunge la Taifa likapitisha mswada wa kuuchomeka mfuko huo ndani ya katiba kabisa. Na mkiendelea kumpima mbunge kwa basari mtazidi kuchagua wagawaji, halafu siku ya kodi mpya mnashangaa mbona amepiga kura ya ndiyo.

Swali: Waziri anaweza kuwa mbunge pia?

Kwa katiba ya 2010, hapana. Achague kiti kimoja.