Kidonda kimekauka, diski bado

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 41. Wiki tatu zilizopita nilipasuliwa mgongo kwa njia ya tundu dogo, wakatoa kipande cha diski, ule mto ulio kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno. Maumivu ya mguu yamekwisha na kidonda kimekauka, ila kidole gumba cha mguu bado kina ganzi. Tajiri anataka nipeleke mzigo Tunduma. Shemeji naye amenipatia mzee wa kukanda, aitoe hiyo ganzi. Niende?

JIBU: Kwa mzee usiende kabisa, na Tunduma bado.

Hilo neno "tundu dogo" linanisumbua kuliko ugonjwa wenyewe. Kila kliniki kuna mtu anayepandisha shati, ananionyesha kovu lisilozidi sentimita tatu, kisha anauliza kwa nini namkataza kubeba ndoo. Ndugu yangu, kilicho kidogo ni mlango tu. Kazi ya ndani ni ileile waliyoieleza madaktari Mixter na Barr wa Boston, Marekani, mwaka 1934: kukiondoa kipande cha diski kilichochomoka kikaibana neva, yaani mshipa wa fahamu. Zamani misuli ilibanduliwa kwenye mfupa kwa kisu kirefu. Siku hizi tunaweza kupitisha bomba jembamba katikati ya misuli na kuangalia kwa hadubini. Kwa hiyo mgonjwa hupoteza damu kidogo na kusimama mapema. Diski haijui kama uliingia kwa mlango mdogo au mkubwa.

Tena lile tobo la kwenye ukuta wa diski kwa kawaida hatulizibi. Ngozi ina damu ya kutosha, ndiyo maana imeshikana ndani ya wiki mbili. Ukuta wa diski karibu hauna mishipa ya damu. Hujijengea kovu polepole, na hata likikomaa haliwi imara kama ukuta wa awali. Ukikaa kwenye usukani kutwa nzima, matuta yakikutikisa, halafu ukashuka na kuinama kufunga turubai, unausukuma ute uliobaki ndani ya diski kuelekea tobo lilelile. Katika wagonjwa 100, kama watano hadi kumi diski huchomoka tena. Dereva wa safari ndefu mimi humpa wiki sita hadi kumi na mbili, na namkagua kabla hajashika gari. Sisemi ulale kitandani: tembea kila siku, ongeza kidogokidogo, na mazoezi ufundishwe na mtu wa fiziotherapia.

Ganzi mara nyingi ndiyo ya mwisho kuondoka. Neva iliyobanwa muda mrefu huchukua miezi kupona, na kwa wengine ganzi kidogo hubaki. Iliumia kiunoni, ukikandwa kidole inasaidia nini?

Nilimpokea mama mmoja siku ya kumi na tisa baada ya upasuaji. Alikuwa amelazwa kifudifudi kwenye mkeka, kijana akapanda na kumtembelea mgongoni kwa visigino, eti anarudisha pingili. Alipoingia kwangu unyayo wa kulia haunyanyuki, kandambili inamvuka kila hatua. Pingili yake haikuwa imehama hata kidogo. Ikabidi tumpasue tena, safari hii ndani ya kovu, mahali ambapo neva imegandana na kila kitu na kuichana ni rahisi. Huyo kijana bado anakanda watu.

Wapo pia wanaouza unga wa "kulainisha diski", na wanaochoma sindano za diclofenac, dawa ya maumivu, kila siku kwa wiki nzima bila kuuliza habari za vidonda vya tumbo wala figo. Na wenzangu wa hospitali siwaachi: diski nyingi hutulia zenyewe ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili kwa dawa na mazoezi, lakini mtu anaonyesha picha ya MRI leo, kesho anaahidiwa tundu dogo na kurudi kazini Jumatatu.

Aliyepasuliwa na asiyepasuliwa, mkojo ukigoma kutoka, ganzi ikishika makalio na sehemu za siri, au miguu yote miwili ikilegea, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Wewe uliyepasuliwa, ongeza homa, kidonda kutoa usaha au maji, na kichwa kinachouma ukisimama na kutulia ukilala. Usisubiri tarehe ya kliniki.