Binamu akitema mate Marekani, ukoo mzima umepimwa

Siku hizi naulizwa sana, hasa na vijana wenye ndugu nje ya nchi: hivi vipimo vya DNA vya kutafuta asili vina maana yoyote kwa mtu wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania? Nawajibu kwamba vina maana, ila si kwa sababu zinazotangazwa. Zile asilimia na ramani ya rangi rangi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Penye nguvu ni pale chini, kwenye orodha ya watu ambao kampuni inasema mna damu moja, na hapo ndipo ukoo unapoweza kutikisika. Nasema hivi kwa sababu nilitumwa kuwa mshenga wa jambo la namna hiyo kwetu Njombe. Wahusika wameniruhusu kuandika mradi nisiwataje.

Tuanze na asilimia, tuzimalize. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anaishi Marekani. Alinunua kiboksi cha kipimo mtandaoni wakati wa punguzo la bei, akatema mate kwenye kichupa, akakiposti. Majibu yalipokuja akayatupa kwenye grupu la ukoo: asilimia 81 Wabantu wa Mashariki, asilimia 13 Wabantu wa Kusini, na vijipande vya Kameruni na Kongo. Wazee wakaishikilia hiyo 13. Kwetu kuna hadithi ya siku nyingi kwamba sisi si Wabena hasa, kwamba babu wa babu alitoka Ungonini, na Wangoni asili yao ni kwa Wazulu. Baba mkubwa akaandika kwa herufi kubwa: SI NILISEMA?

Sikuwa na moyo wa kumharibia siku, lakini hebu tuelewane jinsi hesabu hiyo inavyopatikana. Kampuni haina daftari la makabila. Inachukua vinasaba vyako na kuvilinganisha na vya watu ambao tayari iko nao kwenye kumbukumbu zake, watu ambao inajulikana wazee wao walitoka sehemu fulani. Ukifanana zaidi na kundi hili unapakwa rangi ya kundi hili. Sasa jiulize ni Wakinga wangapi, Wawanji wangapi, Wasafwa wangapi waliomo kwenye kumbukumbu hizo, ukilinganisha na watu wa Ireland. Mpaka watu wetu wawe wengi humo, kompyuta itaendelea kutukusanya wote kwenye kapu moja la Mashariki.

Halafu Wangoni wenyewe. Wale waliovuka Zambezi na kiongozi wao Zwangendaba mwaka 1835 walikuwa wanazoa watu wa kila lugha njiani, na kizazi kilichofika Songea kiliendelea kuzoa. Mtu anaweza kuwa Mngoni kamili kwa jina, kwa ngao na kwa mila, huku damu ya Natal, kule kwa Wazulu, ikiwa kiduchu kwake. Na Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Karonga wametenganishwa na mto Songwe tu na mpaka uliochorwa na wakoloni. Sijaona kipimo cha mate kitakachokuambia yupi ni yupi. Tena kila mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, lakini ni nusu ipi hakuna achaguaye, ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hupata asilimia tofauti. Ukirudi nyuma vizazi kumi una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na wengi wao hawakukuachia hata chembe ambayo maabara inaweza kuiona. Ni wazee wako vilevile.

Baadaye kampuni ikarekebisha hesabu zake. Ile 13 ikashuka ikawa 6. Safari hii grupu lilikuwa kimya.

Kuna watu ambao asilimia zinawafaa kweli, na huku kwetu wapo zaidi ya tunavyodhani. Iringa ilikuwa na wakulima Wagiriki na Wajerumani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kulikuwa na kambi za wakimbizi wa Kipolandi Ifunda na Kidugala. Dhahabu ya Lupa kule Chunya ilileta watu wa kila aina miaka ya 1930, na Usangu kuna Wabaluchi hadi leo. Kama bibi yako alizaliwa na baba wa Ulaya na ukoo ukafunika kombe mwanaharamu apite, kipimo kitasema waziwazi, kwa kuwa tofauti ni kubwa na watu wa Ulaya wamejaa kwenye kumbukumbu. Hata moja ya nane ya damu haijifichi.

Kwa sisi wengine, jina hutoka kwa ndugu aliye hai. Angalia mambo ya mafuvu. Chifu Mkwawa wa Wahehe alikufa mwaka 1898, Wajerumani wakachukua kichwa chake, na fuvu lililopo Kalenga lilirudishwa na Gavana Twining mwaka 1954. Alilichagua kwenye makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na wapo wanaouliza hadi leo kama ndilo lenyewe. Linganisha na mwaka 2023, watafiti wa makumbusho ya Berlin walipopima vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro na kuvioanisha na vya watu wanaoishi huko sasa. Matatu yakapata ndugu. Moja lilikuwa limeandikwa Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, na familia yake ikapatikana. Hapo asilimia za kabila hazikuwa na kazi kubwa. Kilichofanya kazi ni watu wa kule waliokubali kutoa sampuli.

Sasa yaliyotukuta. Orodha ya ndugu hupangwa kwa kipimo kinachoitwa sentimogani, yaani wingi wa vinasaba mnavyochangia. Mzazi na mtoto huwa karibu 3,400. Ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali huwa karibu 1,750. Watoto wa ndugu wawili wa tumbo moja huwa karibu 870, ingawa wanaweza kupanda au kushuka sana. Siku moja binamu akakuta mtu ambaye hakumjua kabisa, yuko Uingereza, na namba yake ilikuwa hapohapo kwenye mia nane na kitu. Mtu mwenyewe akamwandikia. Alizaliwa mwaka 1974. Mama yake alikuwa nesi, aliwahi kufanya kazi kwenye hospitali ya misheni upande wetu, akarudi kwao na mimba, na jina la baba hakulitaja mpaka anazikwa.

Binamu alitaka kuliweka kwenye grupu usiku uleule. Nikamwambia usithubutu. Shangazi zangu na baba zangu ni wa tumbo moja, na wanaume ni wanne. Mmoja mwaka 1973 alikuwa bado anachunga mbuzi. Waliobaki ni watatu: baba mkubwa aliyekuwa kwenye chai Mufindi, baba mdogo aliyekuwa dereva wa hospitali, na baba yangu mimi, mwalimu, ambaye ametangulia. Kwa hiyo yule Mwingereza angeweza kuwa kaka yangu wa baba mmoja. Ukiweka habari kama hiyo kwenye grupu, wake watatu wanaamka asubuhi na swali moja, mmoja wao akiwa mjane.

Ushauri wangu wa kwanza basi: tafuta mtu mmoja wa kuambiwa kwanza, na umwendee kwa miguu. Kwetu mtu huyo ni shangazi mkubwa. Nilipanda basi kutoka Mbeya, nikamkuta anapukuchua maharage uani, nikasubiri wajukuu waondoke. Nilipomwonyesha picha ya yule Mwingereza kwenye simu aliishika kwa mbali, akaisogeza, akaisogeza tena, akairudisha kwangu na kuendelea na maharage. Kisha maswali mawili. Mama yake yuko hai? Na huyu mtu anataka nini?

Hilo la pili msilipuuze, nyie mlioko nje. Njombe ya leo ekari moja ya miti ya mbao au ya parachichi ni karo za watoto na paa la nyumba. Mtu akitokea na kusema mimi ni wenu, kabla ya machozi watu wanapiga hesabu ya mipaka ya shamba. Si roho mbaya. Ni watu ambao wamezikana na kugombana kwa ajili ya mipaka hiyo. Nikamwuliza yule bwana swali la shangazi kama lilivyo. Akajibu kwamba anataka kujua kama upande wa baba kuna presha au kisukari, kwa sababu kila mwaka daktari wake humwuliza naye huacha pale wazi. Na picha, kama ipo. Jibu hilo lilifungua milango ambayo maneno ya kutafuta mizizi yasingeifungua.

Shangazi alimwita baba mdogo peke yake. Sikuwepo, na sikuuliza walichozungumza. Baadaye baba mdogo alinipigia: kama ni wa 74, ni wangu, lakini mama yako mdogo nitamwambia mwenyewe, asisikie kwa mtu. Yeye ni mzee wa kanisa, na hilo lilimsumbua kuliko nilivyotegemea. Mama mdogo alikasirika kweli, ila si kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa kabla hawajaoana. Alikasirika kwamba kitoto cha juzi kilichoko Marekani kilijua mambo ya nyumba yake kabla yake. Sina la kumjibu. Kipimo kimeleta utaratibu ambao habari inaanzia kwa mdogo kabisa na kupanda juu.

Binamu alipokuja likizo alileta viboksi vingine kwenye begi, ili baba mdogo apimwe jambo liishe. Nilivikataa. Nchini kuna Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda hapa Mbeya. Kabla hujafungasha mate ya mzee wako kwenda nayo uwanja wa ndege, pita pale uulize. Na ikifika kwenye mirathi au malezi ya mtoto, usidhani karatasi ya mtandaoni itakusaidia; kipimo kinachotambulika hupitia kwa Mkemia Mkuu, kwa maombi ya mahakama, wakili, ustawi wa jamii au mamlaka nyingine inayotajwa kwenye sheria. Pia mzee wa miaka sabini na kitu anapaswa kuelewa anachokubali. Mwaka 2023 taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya vipimo hivi, zilivuja, na Machi 2025 kampuni hiyohiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, wateja wakakimbilia kufuta taarifa zao kabla hazijauzwa. Mweleze hivyo, kwa lugha yake, ndipo akubali au akatae.

Kama unachotaka ni ramani tu, kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuzima kuonekana kwa ndugu. Izime kabla majibu hayajatoka. Unaweza pia kupakua taarifa zako, kisha ukaomba akaunti ifutwe na sampuli iharibiwe.

Na kabla ya kutoa hata senti, kaa na wazee. Uliza mwiko wa chakula wa ukoo wenu, makaburi ya zamani yako wapi, nani alihama na kwa nini. Mzee akisema huyu ni kaka yangu, uliza kama ni wa tumbo moja, maana kwetu kaka ni wengi na mashine inahesabu matumbo. Vitabu vya ubatizo vya misheni navyo vina majina ya wazazi, ukimpata katibu mwenye subira. Ile hadithi yetu ya Ungonini, shangazi mkubwa ndiye aliyeninyooshea: babu wa babu alitekwa na Wangoni akiwa mtoto, akakulia kwao, akatoroka. Alikuwa Mbena tangu mwanzo. Baba mkubwa bado hajakubali.

Kwa aliyeko nje ambaye ndiyo kwanza ameona jina la mtu wa Njombe, Mufindi au Tukuyu kwenye orodha yake: andika kifupi, usimwite mtu baba, usitume picha siku ya kwanza, na useme unachotaka kabla hujaulizwa. Ujumbe ambao ungenirahisishia kazi ni huu: "Shikamoo. Nimepima DNA na inaonyesha huenda sisi ni ndugu wa karibu. Nilizaliwa mwaka 1974, mama yangu alifanya kazi hospitalini huko kwenu. Sitafuti mali wala kumwingilia mtu maisha yake. Ningependa kujua historia ya afya ya ukoo, na kama mnaona vema, kuwafahamu. Mkihitaji muda, nitasubiri. Tafadhali msimwambie yeyote mpaka mmeshauriana na mkubwa wenu."