Kwa Zuhura, kuhusu ile pakiti ya sarafu

Ujiji

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Goti la mama yako bado linamsumbua, lakini jana kaenda sokoni kwa miguu na karudi na migebuka, basi ujue hali si mbaya.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unasema huko Muscat umemwona mtu mtandaoni anauza pakiti ya sarafu za nchi mia moja, kila sarafu na kikaratasi chake cha jina la nchi, na unauliza kama uninunulie ili zile nchi tunazozikosa ziishe kwa mkupuo. Umenikumbuka, Mungu akubariki. Jibu nitakupa. Ila kwanza nataka tuzungumze habari ya Katanga, lile jimbo la Kongo lililojitangaza nchi, maana nahisi umeisahau, na pengine hukuwahi kuijua yote.

Zile bahasha zangu za kaki unazijua, zile ndogo za mshahara. Kila sarafu na bahasha yake. Juu ya bahasha sikuandika mwaka wala thamani, hayo yamo kwenye sarafu yenyewe. Niliandika aliyenipa. "Mpishi wa Liemba", yule wa meli ya ziwani, hiyo ni ngwee ya Zambia ya 1968, yenye muhanga. "Mama wa dagaa, Rumonge", hiyo faranga ya Burundi ya 1965. "Padri mzee", ile ya Kongo ya Mbelgiji yenye umbo la pembe sita na picha ya tembo, ya 1943, iliyopigwa Philadelphia, Marekani, kwa sababu wakati huo Ubelgiji yenyewe imekaliwa na Wajerumani. Ukinisikia nasema sarafu ni mkono, ndiyo maana yake. Nimesema tangu hujaanza shule na nitasema tena: sarafu ni mkono. Bila aliyekupa, hicho ni kipande cha chuma chenye picha.

Sasa Katanga. Mwishoni mwa 1996 unakumbuka mji ulivyofurika. Watu walivuka ziwa kwa mitumbwi kukimbia vita ya Kongo, wengine wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, wengine wakalala popote penye paa. Mimi nilikuwa bado karani wa mizigo stesheni. Akaja mzee mmoja, fundi wa reli wa Kalemie, kavaa koti zito na jua lile. Tukaelewana haraka, watu wa reli ni watu wa reli. Nikampa chai na mkate. Alipomaliza akapekua ndani ya bitana ya koti akatoa sarafu mbili zinazofanana: upande mmoja mkungu wa ndizi, upande wa pili ule msalaba wa shaba ambao watu wa kwao waliutumia kama fedha kabla ya Mbelgiji kufika. Faranga moja, 1961, Katanga. Nikamwambia nitainunua moja, na pesa nilikuwa nayo, siku hiyo ilikuwa ya mshahara. Akakataa. Akasema, "Na hii nilinunuaka mukate, Elisabethville. Uiweke na za mainchi zingine." Akanipa moja, moja akairudisha kwenye bitana. Nilimsihi achukue hata nauli, hakutaka. Alichotaka ni sarafu yake ikae na za wenzake, basi.

Nikaiweka. Bahasha ikaandikwa "Fundi wa Kalemie", ikaingia baada ya Jordan na kabla ya Kenya, mahali pake pa haki.

Halafu akaja yule mgeni. Huyu unamkumbuka, ulimletea chai wewe mwenyewe na ukamwaga nusu kwenye sahani. Mzungu aliyekwama Kigoma akisubiri Liemba, kasikia habari zangu hotelini. Alikuwa na kitabu kinene cha sarafu na kioo cha kukuzia. Akaketi barazani, akazipanga zote kwenye mkeka, akaanza kuzigawa: nchi, si nchi. Hela ishirini ya babu yako aliisifu. Unaijua, ile ya shaba nyeupe yenye taji, 1916 na herufi T, iliyotengenezwa karakana ya reli Tabora Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na meli haziwezi kuwaletea fedha. Pesa ya Sayyid Barghash wa Zanzibar yenye mizani, ya 1299 Hijria, aliikubali. Yugoslavia akaikubali. Ujerumani Mashariki, zile za alumini nyepesi kama kifuniko cha soda, akazikubali. Alipofika Katanga akaisukuma kando kwa ukucha wa kidole kidogo, bila kuiinua. Hakuna serikali yoyote duniani iliyoitambua, akasema. Toa.

Ule ukucha, mwanangu! Mpaka leo nikifungua sanduku nauona.

Sikumjibu, alikuwa mgeni wangu. Lakini nimemjibu miaka yote hii nikiwa peke yangu, na nikuambie ukweli, siku nyingine yeye ndiye anashinda. Alichosema ni kweli tupu. Tshombe, mkuu wao, alitangaza kujitenga na Kongo Julai 1960, Januari 1963 mambo yakaisha, na katikati hapo hakuna nchi hata moja iliyotia sahihi kuwatambua. Tena nyuma yake kulikuwa na makampuni ya madini na askari wa kukodi, na damu ya Lumumba ilimwagika hukohuko. Mimi si shabiki wa Tshombe. Na nikishaikubali Katanga, nitawazuiaje wale wa Sealand, wenye jukwaa lao la chuma la vita lililosimama baharini karibu na Uingereza, ambao nao wamepiga sarafu zao tangu 1972? Mtu yeyote mwenye mashine atakuwa taifa.

Halafu namgeukia: haya bwana, na riale ya Maria Theresa utaiweka wapi? Hiyo utaikuta hapo kwenu soko la Mutrah, wanawauzia watalii. Imeandikwa 1780 na usidanganyike na huo mwaka, waliendelea kuipiga na tarehe ileile miaka na miaka, Vienna, Roma, London, hata Bombay. Uso ni wa malkia wa Austria, lakini aliyeishika ni Mwarabu, Mhabeshi na mtu wa pwani yetu. Kitabu chake kitasema Austria. Mkono unasema Muscat. Ndiyo maana kwangu kipimo ni kimoja: ilinunua kitu? Katanga ilinunua mkate. Sealand ilinunua nini?

Na hapo ndipo tunafika kwenye pakiti yako, usidhani nimeisahau.

Nimemwomba mtoto wa jirani anifungulie picha ulizotuma, nikazikuza. Nimeiona ya Somalia yenye umbo la gitaa. Gitaa, Zuhura! Ya 2004, imeandikwa dola. Nani Mogadishu aliingia dukani akatoa gitaa mfukoni akapewa sukari? Kongo ya leo haitumii sarafu sokoni, ni noti tupu, kwa hiyo hiyo ya Kongo iliyomo humo imepigwa kwa ajili ya watu kama mimi, wanaokosa usingizi kwa sababu ya nafasi iliyo wazi kwenye orodha. Nyingi katika hizo zilizobaki ni za kweli, sikatai. Nimeiona ya Bhutan, nimeiona ya Tonga, vile visiwa vya Pasifiki, na moyo ulinidunda, nisikufiche. Tonga nitaipata wapi mimi? Nani wa Tonga atapita Ujiji?

Tena umri wangu unaujua. Kuna siku nasema, acha ushupavu mzee, mtoto ana kazi, pesa yake halali, anataka kukufurahisha, na orodha ikitimia utakufa umeridhika. Kisha najiuliza, bahasha ya Tonga nitaandika nini? "Pakiti"? Nitakuwa na bahasha hamsini zimeandikwa "pakiti". Mama yako anasema niandike "Zuhura" kwenye zote. Anadhani amenimaliza. Na kwa kweli sijapata la kumjibu, maana mkono wako nao ni mkono.

Kwa hiyo sikukatazi. Nasema tu kwamba wewe uko Muscat, mji ambao dunia nzima inakuja kufanya kazi. Umeniambia hapo hospitalini kwenu kuna Wanepali, Wafilipino, Wabangladeshi, Wasri Lanka, na yule dada wa Tunisia wa maabara. Hao wote walikuja na chenji ya nyumbani chini ya begi, hakuna mtu anayesafiri bila hiyo. Sri Lanka tunayo. Nepal hatuna, Ufilipino hatuna, na Tunisia ndiyo usiseme. Waombe, lakini usiombe bure. Shemeji yako anasafiri kuja huko mwezi ujao, nimempa mfuko wa sarafu zetu: shilingi mia tano za 2014 zenye nyati, za mia mbili zenye simba, na hamsini zenye kifaru. Watu wanapenda wanyama. Badilishaneni, na ukishapata uniandikie jina la kila mmoja na anafanya kazi gani.

Jambo jingine, usizitie kwenye vile vimfuko vya plastiki laini. Plastiki hiyo inatoa utelezi wa kijani unaokula shaba. Karatasi inatosha. Na asitokee mtu wa kuzisugua kwa ndimu ili zing'ae, kama shangazi yako alivyotaka kunifanyia Idi ile.

Ukiamua kununua pakiti hata hivyo, nunua. Ila muulize kwanza huyo muuzaji ya Tonga ni ya mwaka gani, kama inauzwa peke yake, na bei yake. Mama yako asijue nimeuliza.

Baba yako