Swali la lugha: Weusi wa Marekani walitengana au walitenganishwa?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Naandika kijitabu cha Kiswahili kuhusu jinsi Weusi wa Marekani walivyopigania haki zao. Niliandika hivi: "Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi. Mwaka uliofuata Rosa Parks alikaa kiti cha Wazungu na kuanzisha mgomo wa mabasi, na mwaka 1965 Weusi wakapewa haki ya kupiga kura." Mhariri amekata "ubaguzi" akaweka "utengano". Mimi naona neno lake halina makali. Nani yuko sahihi? Na tuseme haki za kiraia, haki za raia au haki za binadamu?

JIBU: Mwalimu, mhariri wako ameona palipo na kasoro, lakini neno alilolipachika limeizidisha. Na kwa kuwa umenipa sentensi nzima, nitaipitia yote, maana "ubaguzi" siyo neno pekee linalochechemea humo.

Ubaguzi ni neno pana. Mwenye nyumba anayekataa kumpangisha mtu kwa ajili ya kabila lake anabagua, mwajiri anayewaruka wanawake anabagua, na jirani asiyeitikia salamu kwa sababu ya rangi ya aliyemsalimu anabagua pia, ingawa hakuna sheria iliyomtuma. Kusini mwa Marekani, tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 hadi katikati ya miaka ya 1960, tabia hiyo ilikuwepo tele. Lakini juu yake palijengwa kitu kingine: sheria zilizoandikwa, zenye faini na polisi, zilizoamua nani apande behewa gani, anywe maji kwenye bomba gani, na mtoto wake asome shule gani. Mji wa Birmingham, Alabama, uliwakataza wenye migahawa kuwahudumia Weusi na Wazungu katika chumba kimoja, labda pawe na ukuta wa kuwagawa wa futi 7 au zaidi na kila upande uwe na mlango wake wa barabarani. Mji huohuo ulikataza Mweusi na Mzungu kucheza pamoja karata, dadu, dhumna au drafti. Hebu fikiria baraza ya Pwani ambapo polisi anaweza kuja kukamata bao la dhumna! Mzungu asiye na chuki hata chembe alibanwa na sheria hiyo sawasawa na mwenye chuki. Kitu hicho, chenye karani, mahakama na mgambo, ndicho unachotaka kukitaja, na "ubaguzi" peke yake haukitaji.

Kuna tatizo jingine, la wasomaji wako hasa. Kwetu "ubaguzi wa rangi" ni jina la utawala wa Makaburu. Waliokua wakisikiliza redioni habari za ukombozi wa Kusini mwa Afrika wakikutana na sentensi yako, watadhani mwaka 1954 huko Marekani mfumo mzima uliporomoka, kama ulivyoporomoka Afrika Kusini mwaka 1994. Haikuwa hivyo hata kidogo, kama tutakavyoona.

Sasa "utengano". Neno hili limetoka kwenye *tengana*, na kiambishi -an- kinatuambia wahusika wanatendeana. Mume na mke hutengana. Ndugu waliogombania shamba hutengana. Kila upande una mkono wake katika jambo. Juu ya hayo, kila mtoto aliyepita darasa la pili anaijua methali: umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Basi msomaji akikuta "utengano wa rangi Marekani", sikio lake linasikia watu walioshindwa kuelewana, na pengine anaanza kuwashauri wapatane. Sheria ya Birmingham imetoweka, na mtunga sheria ametoweka nayo. Ndiyo maana umeona neno halina makali: limempoteza mtenda.

Kiswahili kina njia ya kumrudisha. *Tenganisha* ni kitenzi kinachodai mtu wa kukitenda: nani aliwatenganisha? Andika "sheria za kuwatenganisha watu kwa rangi", au ukitaka nomino moja, "utenganishaji wa watu kwa rangi". Najua "utenganishaji" ni refu na halipendezi kwenye kichwa cha sura. Litumie pale tu unapolazimika, na penye nafasi uandike sentensi yenye kitenzi na mtenda wake. Lipo pia jina ambalo Wamarekani wenyewe walizipa sheria hizo, Jim Crow, lililotokana na mhusika wa michezo ya jukwaani ambapo Mzungu alijipaka masizi ili kuwadhihaki Weusi. Liache kama lilivyo. Usije ukaniandikia "Jim Kunguru".

Tahadhari moja kuhusu *tenganisha*, na hapa naomba utulie kidogo. Kutenganisha ni kuweka vitu viwili mbalimbali. Hakusemi kipi kimewekwa pazuri na kipi kimetupwa pabaya. Na huo ndio mwanya walioutumia mawakili wa mfumo ule. Mwaka 1896, katika kesi ya Homer Plessy, aliyekamatwa kwa kukaa kwenye behewa la Wazungu huko Louisiana, Mahakama ya Juu ilisema kuwatenganisha watu si kuwadhulumu, mradi wote wapewe huduma zilizo sawa. Hoja hiyo wengi huitafsiri "mbalimbali lakini sawa". Tafsiri hiyo haifai, kwa sababu "mbalimbali" leo tunaisikia kama "aina aina". "Watengwe ila wapewe sawa" ni nzuri zaidi, kwa sababu *tenga* ina harufu ya kweli: mgonjwa wa kuambukiza hutengwa, mtu aliyekosana na kijiji hutengwa. Anayetengwa ni mmoja, na huondolewa kati akawekwa kando. Kwa hiyo ukieleza sheria ilivyoagiza, tumia *tenganisha*. Ukieleza maisha ya Mweusi chini ya sheria hiyo, shule ya mbao yenye vitabu vilivyochakazwa kwanza na watoto wa Kizungu, sema alitengwa.

(Naongeza hili kwa sababu nimeshaliona katika tafsiri: mtaa wa Weusi wa Chicago usiuite "uswahilini". Ni kweli majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yalizaliwa katika miji iliyogawanywa na wakoloni, na uwanja wa Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam uliachwa wazi ukizitenga Kariakoo na Uhindini. Lakini leo uswahilini ni mtaa wa makelele, vichochoro na majirani wanaojua umepika nini. Msomaji atacheka mahali ambapo hukukusudia.)

Turudi mwaka 1954. Kwanza jina la mahakama. Tanzania na Kenya zote zina Mahakama Kuu, na zote zina mahakama iliyo juu yake. Ya Marekani haina iliyo juu yake, kwa hiyo iite Mahakama ya Juu. Pili, haikupiga marufuku ubaguzi wa rangi. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote 9, kwa kauli moja, waliamua kwamba kuwatenganisha watoto kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Shule za umma tu. Mabasi, migahawa na hoteli hazikuguswa siku hiyo. Hata shule zenyewe hazikufunguka kwa neno la majaji. Mwaka 1957 Rais Eisenhower alilazimika kupeleka wanajeshi Little Rock, Arkansas, ili wanafunzi 9 Weusi waingie darasani. Wilaya ya Prince Edward, Virginia, ilifunga shule zake zote za umma mwaka 1959, zikakaa zimefungwa hadi 1964, kuliko kuwachanganya watoto. Kitenzi "kupiga marufuku" kinaficha miaka hiyo yote ya vuta nikuvute. Andika "iliamua kwamba". Na kama kijitabu kina nafasi, waambie wanafunzi kwamba wakili aliyeongoza kesi ile, Thurgood Marshall, ndiye aliyekuja kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwaka 1960. Wataamka.

Rosa Parks hakukaa kiti cha Wazungu. Kosa hili limeenea, na linawapa waliomkamata hoja ambayo hawakuwa nayo. Tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery, Alabama, alikuwa ameketi safu ya kwanza ya sehemu waliyoachiwa Weusi. Viti vya Wazungu vilipojaa na Mzungu mmoja akabaki amesimama, dereva aliwaamuru abiria wanne Weusi wa safu ile wainuke wote, kwa sababu Mzungu hakutakiwa kukaa safu moja na Mweusi. Watatu wakainuka. Yeye akabaki, akakamatwa.

Hapa wengi huandika "alikataa kumpisha Mzungu kiti". Ni Kiswahili fasaha kabisa, na bado mimi nasita. Kumpisha mtu kiti ni adabu: kijana humpisha mzee, mwenye nguvu humpisha mjamzito. Anayekataa kupisha, kwetu hana malezi. Lakini yule alikuwa mama wa miaka 42 anayetoka kazini, na aliyetakiwa akae kitini pake alikuwa mwanamume mzima wa afya yake. "Alikataa kuinuliwa kitini" inaeleza vizuri zaidi, kwa sababu inaonyesha kuna mtu aliyetaka kumwinua.

Na "mgomo wa mabasi" je? Muulize mtu yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi mgomo wa mabasi ni nini. Atakuambia madereva na makondakta wamegoma na watu wanatembea kwa miguu. Montgomery watu walitembea kwa miguu kweli, lakini mabasi yalikuwepo barabarani, yakipita karibu matupu. Waliokataa ni abiria Weusi. Kiswahili kina neno lake tamu, *kususa*, na likipata kitu cha kususwa huwa *kususia*: walisusia mabasi kwa siku 381, tangu 5 Desemba 1955 hadi 20 Desemba 1956. Mtoto husuasua mbele ya sahani akasusa chakula. Mtu mzima aliyedhulumiwa hususia. Kugoma ni kwa mwenye kazi, kususia ni kwa mwenye nauli mkononi. Nauli ile ndiyo iliyoiumiza kampuni, ingawa kilichoimaliza sheria yenyewe kilikuwa hukumu ya mahakama.

"Wakapewa haki ya kupiga kura" ndiyo inayonikera kuliko zote. Wanaume Weusi walikuwa na haki hiyo katika katiba tangu 1870. Waliporwa kwa hila: mitihani ya kusoma iliyosahihishwa na karani kwa kuangalia uso, vitisho, na kodi ya kura. Hii ya mwisho usiitafsiri "kodi ya kichwa", japo kwa asili ndiyo hiyo. Babu zetu waliijua kodi ya kichwa: usipolipa unakamatwa. Virginia ilikuwa dola 1.50 kwa mwaka, na usipolipa ya miaka 3 iliyotangulia hakuna askari anayekuja kwako. Hupigi kura tu, na wenye mji wanafurahi. Sheria ya Agosti 1965 ilizuia mitihani ile na kuwapa maofisa wa serikali ya taifa uwezo wa kwenda wenyewe kuandikisha wapigakura. Huko Mississippi, Weusi walioandikishwa walikuwa chini ya asilimia 7 mwaka 1964. Miaka mitatu baadaye walikaribia asilimia 60. Waandamanaji waliopigwa virungu kwenye daraja la Selma, Alabama, tarehe 7 Machi 1965 walikuwa wakidai chao. Andika "wakairejesha haki yao ya kupiga kura", au "sheria ikailinda".

Swali lako la mwisho. "Haki za raia" na "haki za kiraia" zote ni sahihi. Ya pili ndiyo iliyozoeleka, na ndiyo iliyomo kwenye jina la Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, kwa hiyo ichague hiyo. Mwanafunzi mmoja wawili watauliza kama zinahusiana na polisi aliyevaa kiraia. Waeleze taratibu. Lakini usizibadilishane na "haki za binadamu" ili tu kukwepa kurudia neno, kwa sababu wenyewe walibishana juu ya hilo. Malcolm X, mmoja wa viongozi wa Weusi wakati huo, alisisitiza mwaka 1964 kwamba jambo lao likiendelea kuitwa la haki za kiraia litabaki mikononi mwa Washington, mambo ya ndani ya raia na serikali yake. Likiitwa la haki za binadamu, linaweza kufikishwa Umoja wa Mataifa. Julai mwaka huo alikwenda Cairo kuwaomba wakuu wa nchi huru za Afrika waliunge mkono, na Oktoba alikuwa Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere. Ukimnukuu mtu wa upande wa Malcolm, weka haki za binadamu. Ukiitaja Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 au ile ya kura ya 1965, weka haki za kiraia.

Nimeona pia umeandika "Weusi" kwa herufi kubwa. Mimi naafiki, kwa kuwa "Wazungu" tunaiandika hivyo bila kuulizana. Ila hakikisha kijitabu kizima hakina hata moja yenye herufi ndogo. Ukizikuta, zirekebishe kabla mhariri hajaziona.