Kwa kuhani mpya: meza ya sakramenti tangu sabuni hadi kukunja kitambaa

Umebatizwa, umethibitishwa, na baada ya muda mfupi umetawazwa kuhani katika Ukuhani wa Haruni, ngazi ya kwanza ya ukuhani katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Kisha kiongozi wa kusanyiko lako, askofu au rais wa tawi, anakuambia kwamba Jumapili ijayo utakuwa mezani kubariki sakramenti, yaani mkate na maji ya kumkumbuka Kristo. Wengi hudhani kazi yenyewe ni kusoma sala mbili fupi. Sala ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba hakuna kitu mezani kitakachomtoa mshiriki kwenye kumkumbuka Mwokozi kwa hizo dakika kumi na tano hivi.

Jua kwanza mgawanyo wa kazi. Katika Ukuhani wa Haruni, mwalimu huandaa, kuhani hubariki, shemasi hupitisha. Mafundisho na Maagano, kitabu chetu cha mafunuo, katika 20:58 inasema wazi kwamba walimu na mashemasi hawana mamlaka ya kuhudumu sakramenti, yaani kuibariki. Kuhani anaweza kufanya kazi zote tatu, na mwenye Ukuhani wa Melkizedeki, ulio wa juu zaidi, pia. Ndiyo maana katika tawi dogo utamwona mzee mwenye mvi akipitisha trei bega kwa bega na kijana wa miaka 12. Ukipangiwa kupitisha badala ya kubariki, usione umeshushwa.

Fika angalau nusu saa kabla. Kunawa mikono kwa sabuni ni agizo, na hapa ndipo desturi yetu inapotutega. Mtu ananawa vizuri, kisha anasimama mlangoni kusalimiana kwa mikono na watu arobaini, halafu anakwenda kumega mkate. Salimia kwanza, nawa mwisho. Kama bomba liko mbali, weka kitakasa mikono karibu na meza na ukitumie kabla wimbo haujaanza.

Mkate wowote unafaa: wa slesi, boflo, hata uliookwa nyumbani. Ufunuo wa Agosti 1830, ambao leo ni sehemu ya 27 ya Mafundisho na Maagano, unafundisha kwamba si hoja ni nini kinacholiwa au kunywewa, ikiwa tunafanya hivyo kwa kuelekeza jicho kwenye utukufu wa Mungu. Lakini mikate haimegeki sawa. Uliotoka kuokwa asubuhi hiyo hugandamana na kuwa vidonge vidoleni, na wa siku tatu hutapakaza makombo. Wa jana ndio mzuri. Slesi moja ukiichana vipande vinne virefu, kisha kila kimoja mara nne, unapata vipande 16. Kwa watu 80, slesi tano zinatosha. Weka mbili za ziada, kwa sababu wageni huingia wakati wa wimbo wa kufungua. Trei huwekwa mezani zikiwa na mkate mzima. Hamuumegi jikoni. Mnaumega mbele ya watu, wakati wa wimbo wa sakramenti.

Maji yawe ya kunywa kweli, yaliyochemshwa au ya chupa. Vikombe ni vidogo sana, na ukivijaza hadi ukingoni, trei ikipita mikononi mwa watoto maji yanamwagika kwenye nguo za Jumapili. Theluthi mbili inatosha. Tumia birika lenye mdomo mwembamba, jagi kubwa litalowesha trei yote. Hesabu vikombe kabla ya kujaza, na panga trei kadiri ya safu za viti ili shemasi asirudi katikati kuchukua nyingine. Kama kuna mshiriki asiyeweza kula ngano, anaruhusiwa kuleta vipande vyake katika mfuko au chombo kilichofungwa. Viwekwe kwenye trei yake peke yake, na anayepitisha aonyeshwe mapema mtu huyo ameketi wapi.

Wimbo wa sakramenti unapoanza mnasimama, mnakunja kitambaa kinachofunika mkate, na kumega. Angalia wimbo una beti ngapi. Kama ni beti mbili tu na mkate ni mwingi, mwambie mpiga kinanda mapema, ataweza kurudia. Vipande viwe vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Vikubwa huisha kabla ya safu ya nyuma, vidogo mno havishikiki. Wimbo ukiisha, anayebariki mkate hupiga magoti, mwenzake huketi. Tangu hapo hakuna muziki tena, si wakati wa sala wala wa kupitisha.

Sasa sala. Zimo katika Kitabu cha Mormoni, Moroni 4 na 5, na tena katika Mafundisho na Maagano 20:77 na 79. Zinasomwa neno kwa neno, hata kama unazijua kwa kichwa. Makosa matatu hujirudia karibu kila mahali. La kwanza: kitabu kimechapishwa "divai", lakini sisi tunatumia maji. Kwa Kiswahili haitoshi kubadili neno moja, kwa kuwa "divai hii" ikiwa "maji haya", kiambishi kilicho ndani ya kitenzi kinachofuata nacho hubadilika. Anayesoma moja kwa moja kutoka kwenye maandiko hukwama hapohapo. Tumia kadi ya sala iliyoko mezani. La pili: ulimi uliozoea sala za nyumbani hugeuza "wao" kuwa "sisi". Ukiacha "tunakuomba" ya mwanzo, sala hizi hazisemi sisi. Zinawaombea wale wote watakaokula na kunywa. La tatu: sala ya maji ni fupi. Haina maneno ya kujichukulia jina la Mwana wala ya kutii amri zake, na aliyetoka kusikia ya mkate huyaingiza bila kujua.

Isome kwa sauti nyumbani mara kumi, ukiwa umepiga magoti, kwa sababu pumzi ya aliyepiga magoti si ile ya aliyesimama. Jaribu mikrofoni katika hali hiyohiyo. Ukikosea neno na ukajirekebisha papo hapo, endelea. Usipojirekebisha, askofu atakuomba kwa upole urudie. Kurudia hakukuaibishi. Yeye ndiye mwenye jukumu la kuhakikisha sala imesemwa sawasawa, basi ukimaliza mtazame kabla ya kuinuka.

Baada ya "amina", trei ya kwanza huenda kwa anayesimamia mkutano. Huyu si lazima awe yule anayeongoza kwenye mimbari. Siku rais wa kigingi, kiongozi wa makusanyiko kadhaa ya eneo, akitembelea, yeye ndiye anayesimamia hata kama askofu ndiye anayetangaza nyimbo. Uliza kabla mkutano haujaanza. Baada yake hakuna mpangilio uliowekwa. Washiriki hupitishiana wenyewe, na wanapoweza hutumia mkono wa kulia. Wanaosahaulika ni walewale kila wiki: mama aliyetoka na mtoto anayelia, wakaribishaji mlangoni, mpiga kinanda, na ninyi wenyewe mezani. Mkate ukirudi wote, ufunikeni, kisha fungueni maji.

Kwa ndugu waliotoka Ukatoliki, jambo moja hutatiza: mkate uliobaki tufanyeje? Kwetu mkate na maji ni ukumbusho wa mwili na damu ya Kristo, havigeuki kuwa mwili wala damu. Hakuna sanduku la kuvihifadhi. Na usifunge vipande vilivyobaki ili umpelekee mgonjwa nyumbani. Sakramenti ya mgonjwa hubarikiwa upya pale alipo, kwa idhini ya askofu.

Mkutano ukiisha toa mkate uliobaki, mwaga maji, osha na kausha trei kabisa kabla ya kuzipanga kabatini, maana zenye unyevu huota ukungu katikati ya wiki. Kung'uta vitambaa nje, si juu ya zulia. Makombo yakibaki kwenye mikunjo, Jumapili ijayo utafunua meza na kukuta msafara wa sisimizi juu ya kitambaa cheupe.