Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Nataka Utembee na Watu

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako kwa makini. Umenieleza kwamba ulipimwa presha kliniki ikapatikana 146 kwa 92, daktari akakushauri uanze mazoezi kabla hajafikiria kukuandikia dawa, nawe unaniuliza kama haitoshi kununua mashine ya kukimbilia uiweke sebuleni, badala ya kujiunga na kikundi cha kutembea kama ninavyokusihi kila tunapozungumza.

Moyo wenyewe haubagui mashine na barabara. Ni msuli, na unapotembea kwa kasi mara kwa mara huzidi kupata nguvu, kila pigo likasukuma damu nyingi zaidi, nayo mishipa ikatanuka kwa urahisi, ndiyo maana presha hushuka. Kwa mtu mwenye presha ya juu, mazoezi hayo yakidumu huweza kuteremsha namba ile ya kwanza kwa pointi 5 hadi 8 hivi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Mashine yako inaweza kukupa dakika hizo zote. Ninachotilia shaka ni kama utaipanda jioni ya mvua ya mwezi wa nne au wa tano, umetoka ofisini Upper Hill, hapa Nairobi, umekwama kwenye msongamano wa magari mpaka giza likaingia, na nyumbani hakuna anayekungoja wala atakayejua kwamba hukuipanda.

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kutwa nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Nakutajia hao kwa sababu kondakta hakuhitaji kujihimiza kila asubuhi: kazi na abiria ndio waliomwinua. Wewe kazi yako ni ya kiti, kwa hiyo wa kukuinua itabidi wawe watu wengine.

Hapa Buruburu sisi majirani hukutana langoni alfajiri, kabla magari hayajajaa Barabara ya Rabai. Asiyeonekana hupigiwa simu, na ukweli ni kwamba wengi wetu hutoka kitandani kwa sababu ya ile simu kuliko kwa sababu ya presha. Tena binti yangu, unajua vizuri kwamba mwanamke hatembei peke yake gizani katika jiji hili bila wasiwasi. Mkiwa wengi, saa kumi na mbili asubuhi inakuwa yenu. Mwenzako pia ndiye kipimo chako: ukiweza kuzungumza naye lakini huwezi kuimba, mwendo huo ni wa wastani, ndio unaotakiwa. Na mtu akishikwa na maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au kwenye taya, akatokwa na jasho baridi au kukosa pumzi, yupo wa kumsimamisha na kumkimbiza hospitali mara moja. Hilo la mwisho mashine haiwezi kabisa.

Huko kwako Kilimani, bustani ya Arboretum iko karibu, ina miti na vivuli vya kutosha. Siku za Jumamosi nendeni Karura, msitu ambao mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea usigawiwe wajenzi. Nisingependa vijana wetu wauache bila kuutembea. Mkishazoea, jiandikisheni kwa mbio za Mater Heart Run, ambazo huchangisha fedha za matibabu ya moyo ya watoto.

Kabla ya yote, rudi ukapimwe siku nyingine, kwa maana presha huthibitishwa kwa vipimo vya siku tofauti, na umwulize daktari mwendo gani unakufaa kuanzia. Punguza chumvi pia. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na ile iliyomo kwenye mkate na vibanzi inahesabiwa. Daktari akiamua baadaye kukupa dawa, zimeze bila kuacha kutembea.

Tafuta wenzako wawili ofisini wiki hii, kisha uniandikie majina yao na siku mlizokubaliana.

Mama yako